Mke Mwenzangu na Ukame Wake

Mke mwenzangu Rhobi, mama yake Joel, ana neno moja analolitia kila mahali kama chumvi. Neno lenyewe ni ukame. Alilitoa redioni, siku mtangazaji alipolalamika kwamba mshambuliaji fulani ana ukame wa mabao. Rhobi hajui mpira wala hajui nani anacheza na nani, lakini neno lilimwingia. Tangu hapo kibiriti kikiisha, kwake kuna ukame wa kibiriti. Joel, anayeendesha bodaboda kule Nyamongo, asipopiga simu, kuna ukame wa mtoto. Mchungaji akihubiri kifupi, ananiinamia kanisani na kuninong'oneza kwamba leo kuna ukame wa Neno. Na binti yangu Sarah alipofikia umri wa kuolewa bila hata ndama kuletwa hapa nyumbani, aliwatangazia wanawake kisimani kwamba kwa Ghati kuna ukame wa wakwe. Ghati ni mimi. Siku hiyo nilimnunia mpaka jua likazama.

Hatujawahi kupatana sana, nisidanganye. Marehemu mume wetu Waitara alimwoa yeye kwanza, na yeye hajaniacha nisahau. Hapa kwetu Itiryo kila mke ana nyumba yake, shamba lake na ghala lake, na nafaka ya mwenzako huigusi wala huiombi. Nafaka nimesema, siyo chai. Jikoni kwangu anaingia kama kwake, anafungua chupa ya chai bila kuuliza, anaonja, halafu anatoa hukumu.

Basi mwaka jana mvua za vuli zikaturuka. Lambo letu la bondeni likakauka hadi tope likapasuka. Ng'ombe ikabidi wapelekwe mtoni, mbali, wanatoka alfajiri wanarudi giza limeingia, wamechoka kuliko walivyoondoka. Tukaanza kuhesabu mbavu zao tukiwa tumesimama mlangoni.

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonitisha kuliko hizo mbavu. Mama Joel alikuwa ameacha kulitaja neno lake. Nikamchokoza, nikamwambia chumvi imeisha. Akajibu tu kwamba tutakula hivyo hivyo. Nikamwambia Joel hajapiga simu wiki nzima. Akasema atapiga.

Afisa mifugo wetu Melkiori, kijana mpole aliyeletwa kutoka Rukwa, akaitisha mkutano. Akawaamkia wazee shikamoo, akafungua mdomo, na neno lake la kwanza likawa ukame wa mwaka huu. Mama Joel akasimama. Yeye, bingwa wa ukame! Watu wakageuka kumtazama.

"Baba, hilo neno liache nje," akasema. "Likisimama mlangoni haliitwi kwa jina. Litadhani limekaribishwa."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana hata nyoka usiku tunamwita kamba. Melkiori akaomba radhi, na mkutano mzima ukaendelea kusema "hali hii". Akatueleza kwamba lambo limejaa udongo, na lisipochimbwa kabla ya masika, maji yatapita juu juu yaende zake na mwakani ng'ombe hawatapona. Tukakubali wote, kisha tukarudi majumbani, na hakuna aliyeshika jembe.

Usituone wavivu. Kwetu kazi kubwa kama hiyo ni ya risaga. Mwenye shughuli anaita watu, wanafanya kazi, naye anawanywesha obosara, ule uji wetu mchachu wa wimbi, yaani ulezi. Kuita risaga bila obosara ni matusi. Na wimbi nani alikuwa nalo? Maghala yalibaki na mbegu tu, na mbegu mtu mwenye akili hazili.

Asubuhi moja nikasikia harufu ya wimbi linalokaangwa. Nikatoka mbio. Mama Joel ameketi mbele ya kikaango, na mfuko wake wa mbegu uko chini, mtupu. Nilimfokea, haki ya Mungu nilimfokea. Nikamuuliza masika atapanda nini, mawe? Nikamwambia njaa ikimshika ghala langu asilitazame hata kwa jicho moja. Majirani wakaja uani kusikiliza, vita vya panzi furaha ya kunguru. Yeye akaendelea kukoroga.

"Mama Sarah," akasema, "ng'ombe wakiisha, hilo wimbi nitakula na nini?"

Joel akaieneza habari kule Nyamongo kwamba kwa mama yake kuna obosara, wakati kwenye nyumba nyingine zote mitungi imepinduliwa. Eee, walikuja! Bodaboda zikapanda kilima zimebeba vijana na sururu zao, wachimbaji waliozoea kupekua mwamba wakitafuta dhahabu, leo wanashindana kwa tope. Melkiori akavua viatu akaingia nao. Wanawake tulibeba udongo kwa makarai. Mimi nami nilibeba, nimenuna hivyo hivyo. Kufikia jioni mitungi ilikuwa imelazwa chini, mitupu, na lambo lilikuwa na kina cha kumzamisha dume.

Kisha tukangoja. Mbingu ikabaki nyeupe. Kila asubuhi nilimwona anasimama uani akitazama upande wa mvua, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayengoja mgeni. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa kumwonea huruma.

Mvua ilikuja Jumapili, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Bati likapiga kelele hadi hatukumsikia tena, na yeye mwenyewe akakimbilia dirishani. Tulishuka bondeni tumelowa chapachapa. Maji ya tope yalikuwa yanaingia lamboni kwa kishindo, yanaingia na kukaa. Mama Joel alisimama ukingoni akalia waziwazi, lakini neno lake hakulisema.

Watu wakaanza kupanda. Yeye akalima shamba lake vizuri, akalainisha udongo, kisha akaketi kando ya jembe. Hakuniomba. Asingeweza kuniomba.

Asubuhi ya pili akaingia jikoni kwangu. Akafungua chupa, akamimina chai, akaonja, akakunja uso.

"Mama Sarah," akasema, "humu kuna ukame wa sukari."

Machozi yakanitoka papo hapo, mjinga mimi. Nikamsukumia kopo zima la sukari. Kisha nikaenda ghalani, nikateremsha mbegu zangu, nikazimimina kwenye ungo na kuzigawa katikati kwa kiganja. Nusu moja nikamtilia kwenye kanga yake.

Alizitazama. Nikadhani atanishukuru. Akafunga fundo, akasema nimwite Sarah aje atusaidie kupanda, maana kwa ukame ule wa wakwe mtoto hana kazi nyingine.

Nilimrushia ufagio. Alitoka mbio na mbegu zangu kifuani, anacheka.