Balozi Aliyekataa Kutoa Chai

Hezekia Shechambo hakuwa mtu wa kupindishwa. Pale Vuga watu walimwita kichwa ngumu, ila walisema hivyo akishapita, maana alikuwa balozi wa nyumba kumi na kazi hiyo hakuifanyia mzaha. Ahadi za TANU alizijua zote kwa moyo, na aliyoipenda kuliko zote ni ile ya rushwa: hatapokea wala hatatoa. Jirani yake Paskali aliwahi kumpa karani wa mizani kuku ili kahawa yake ipimwe mapema. Weee! Hezekia alimsimamisha mbele ya nyumba zote kumi, akamtaka aitamke ahadi hiyo kwa sauti. Paskali alitokwa jasho, mtu mzima na ndevu zake. Tangu hapo hawakualikana hata kwenye arusi.

Huyu Hezekia alikuwa na mtoto mmoja tu, Esta. Yeye na mkewe Dorkasi hawakujaliwa mwingine. Esta aliolewa na Tobia, fundi wa reli, na enzi hizo reli ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo Tobia alipohamishiwa Voi, huko Kenya, mkewe alimfuata. Nyumba ikapoa. Jioni wazee wawili walikula wakitazamana, na mara nyingi hawakuwa na la kusema, maana maneno yote ya nyumba ile yalikuwa ya Esta.

Mwaka wa sabini na nne ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Tobia. Esta amejifungua vibaya, mtoto hakupona, na yeye mwenyewe hali yake mbaya. Anamwita baba yake. Njoo upesi.

Dorkasi alitamani kwenda, lakini mguu wake ulikuwa umevimba, hata kanisani hafiki. Alichuma majani ya dawa ya uzazi, ile waliyokunywa mama yake na bibi yake, akayakausha juu ya moto na kuyafunga kwenye jani la mgomba.

"Mwambie achemshe, anywe ikiwa vuguvugu," alisema. "Na wewe usikae njiani."

"Nikae njiani nafanya nini?" Hezekia alijibu kwa ukali, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Alishuka Mombo, akapanda treni. Ndani ya behewa alikutana na Rajabu, mfanyabiashara wa mboga kutoka Lushoto, naye akielekea Voi. Walizungumza Kishambaa safari nzima, na Hezekia akapata nafuu kidogo moyoni, maana hajawahi kwenda mbali namna ile.

Kwenye kituo cha kwanza baada ya mpaka aliingia koplo wa polisi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimpekua Rajabu, Rajabu akampa mkono, na mkono ule haukuwa mtupu. Koplo akasogea. Alifungua jani la mgomba, akanusa.

"Mzee, hii ni bangi."

"Ni dawa ya binti yangu, afande. Mgonjwa, yuko Voi."

"Basi pole. Toa chai uende kumwona binti."

Pesa zilikuwepo, mfukoni mwa koti, na wala hazikuwa chache. Rajabu alimkanyaga mguu. "Mgosi, mpe tu," alinong'ona kwa Kishambaa. "Mpe twende zetu."

Hezekia akasimama wima kama yuko mkutanoni. "Mimi ni mwana-TANU," alisema, na behewa zima likasikia. "Sipokei wala sitoi."

Watu wakacheka. Koplo naye alicheka. "Siasa za Tanzania uliziacha huko nyuma, mzee. Hapa ni Kenya."

Wakamteremsha. Alisimama kwenye changarawe akilitazama dirisha la Rajabu likiondoka. Rajabu alikuwa anatikisa kichwa, na hakupunga mkono.

Walimfungia katika chumba cha nyuma cha kituo, chenye magunia matupu na harufu ya mafuta ya taa. Hakuna aliyempiga. Kila asubuhi koplo alifungua mlango akauliza, "Umefikiria, mzee?" Naye alijibu kwamba hana la kufikiria. Kisha mlango ulifungwa, na siku nzima hakuna aliyemsemesha. Upweke ule aliuona mzito kuliko njaa. Alijaribu kuimba nyimbo za kanisani, sauti ikamrudia mwenyewe, akanyamaza. Lakini ndani yake, tusimfiche, alikuwa na fahari. Alijiambia kwamba Mungu anaona. Mtu aliyeshika ahadi yake hivi, Mungu hawezi kumchukulia mtoto wake wa pekee. Akalala usingizi mzuri kabisa juu ya magunia.

Mwishowe koplo alimchoka. Alimwaga majani yale nje ya mlango, akamwambia apande treni inayofuata asimwone tena.

Tobia alikuwa amekaa kibarazani kwa nyumba za reli, macho mekundu. Aliposema "Shikamoo, baba," sauti haikutoka vizuri, na Hezekia akajua. Walikuwa wamemzika Esta jana yake.

"Kila treni ilipopiga honi aliniambia nikakutazame stesheni," Tobia alisema. "Nikamwambia uko njiani, baba. Nilisema hivyo mpaka mwisho."

Hezekia hakumweleza alikokuwa. Alitaka kumweleza, akashindwa aanzie wapi.

Kumbe Rajabu alishasimulia. Hezekia alipofika Vuga, kabla matanga hayajaisha, mwenyekiti wa tawi alimtaja mkutanoni kuwa mfano kwa wote, na watu wakapiga makofi. Paskali peke yake hakupiga. Hezekia akatakiwa akaeleze na vijiji vya jirani habari za askari wa nje waliomshindwa. Alikwenda, akaeleza, akapewa kiti cha mbele.

Dorkasi alingoja mpaka waombolezaji waishe. Siku hiyo alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso.

"Huyo askari alitaka kiasi gani?"

"Si nyingi," Hezekia alisema. "Bei ya kanga."

"Na ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Dorkasi akaendelea kumenya. Hezekia alingoja alie, amtukane, amrushie hata hicho kiazi. Angeshukuru. Lakini Dorkasi alimaliza viazi, akavitia maji, akabandika sufuria.

Tangu mtoto wao azaliwe, mwanamke yule hakuwahi kumwita mumewe kwa jina jingine ila Baba Esta. Shambani, kanisani, hata wakigombana. Chakula kilipoiva alitokeza mlangoni, akamwita kama wanavyomwita watu wengine wote.

"Balozi," alisema, "karibu chakula."