Tulipogeukia Ukuta

Mwezi uliopita nilirudi Bunia kumzika nyanya yangu, nikapita kwenye depo ya zamani ya kahawa tulikojifunza judo. Siku hizi humo wanauzia simenti. Wewe ungepita bila hata kugeuza shingo. Mimi nilisimama mpaka mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

Zamani palinuka jasho, maranda ya mbao na samaki wa kukaushwa, maana mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tchomia, kule ziwani, na mfuko wake haukukosa furushi la samaki. Mikeka tulishona wenyewe: magunia yaliyojazwa maranda, turubai juu. Jumamosi nyanya alinituma kwanza bidoni mbili za maji, ndipo akaniachia sindano yake ya magunia, akinung'unika kwamba tunashona ili tukavunjane.

Mwalimu alitufundisha kuangusha, kukaba na kuanguka. Kitu kimoja tu alituficha. Bega la mtu likichomoka, alipiga kofi moja na kusema, "Mugeukie ukuta!" Sote tuligeuka, pua kwenye matofali. Tulimsikia mwenzetu akihema, halafu mlio mdogo, ko, na kilio kikakatika. Tukimwuliza alifanyaje, alijibu, "Hiyo haiko ya batoto. Hata miye, mwalimu yangu alinifichaka mpaka nikakomaa."

Safari moja alienda kuzika kwao, akatukataza kugusa mikeka. Tuliigusa. Nilimwangusha mtoto wa jirani, rafiki niliyekula naye sahani moja, akaangukia nje ya turubai, kwenye sakafu. Bega la kulia likatoka. Utacheka, lakini wapo waliogeukia ukuta kwa mazoea, na hapakuwa na mtu wa kupiga kofi.

Alitaka kwenda kwa mama yake apelekwe hospitali. Mimi ndiye niliyemkataza. "Vumilia, mwalimu atarudi lundi. Atalirudisha, weye unajua." Niliogopa fimbo ya nyanya, huo ndio ukweli. Nikamfunga mkono kwa mkanda wangu, akavaa koti la kaka yake juu, akajilaza nyumbani akidai ana homa. Lundi yenyewe, Jumatatu, barabara ikafungwa kwa mapigano. Mwalimu alifika Alhamisi.

Alijaribu mara tatu, na safari hii hakutugeuza. Tuliona yote, hata machozi ya mwalimu. Hospitali nako wakasema tumechelewa.

"Kosa iko yangu," alituambia. "Haiko yenu." Kesho yake alitupanga mbele yake akatuonyesha namna ya kurudisha bega, mmoja mmoja, mpaka mikono ya kila mtu ikajua. Hakubakiza kitu. Rafiki yangu aliketi mlangoni, mkono ukining'inia kwenye mkanda wangu, akitazama.

Mwalimu amekwisha kufa, na nyanya naye tumemfukia. Pale msibani rafiki yangu alinijia, akanyoosha mkono wa kushoto na kuinamisha kichwa, kama anavyofanya kwa kila mtu. "Unisamehe, ndugu yangu, nakusalimia na kushoto."

Niliupokea kwa mikono yangu miwili. Miaka yote hii yeye ndiye anayeniomba msamaha. Mimi bado sijamwomba.