Mita Arobaini na Moja kwa Viganja

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mlango wa chumba namba tisa unafunguka. Vinatangulia viganja viwili, kinafuata kichwa kilichofungwa kitambaa, halafu mwili unaoburutwa. Sakafu imetoka kupigwa deki na bado imelowa. Mwanamke anasogea kidogo, anapumzika, anasogea tena.

Majirani wanamwita Mama Vifungo. Ana miaka hamsini na mbili na ni fundi cherehani. Baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, inalala bandani karibu na lango. Njia ya kutoka chumbani hadi hapo ameipima kwa utepe wake wa kazi: mita arobaini na moja.

"Gauni la bi harusi linakula mita nne," anasema. "Kwa sakafu hii ningevalisha maharusi kumi, na kipande kingebaki."

Nyumba anayoishi ni ya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Ina vyumba kumi na vinne, mhudumu mmoja na karatasi ya kanuni ukutani. Kanuni ya sita inakataza baiskeli kuingia koridoni. Kipo kiti kimoja cha magurudumu cha nyumba, lakini lazima kisukumwe na mhudumu, naye anafika saa mbili. Kiwanda anachoshonea Mama Vifungo kinafunga lango saa moja. Mlinzi ana ufunguo wa banda na ndiye anayepiga deki alfajiri, ila kubeba watu amekatazwa tangu amwangushe mkazi mmoja.

Mwanzoni alivaa kandambili mikononi. Zikawa zinateleza kwenye maji ya deki, akajigonga kidevu mara mbili, akaziacha.

Sasa viganja vyake vimekuwa kama msasa. Akigusa hariri, nyuzi zinanasa. Mwezi uliopita aliharibu magauni mawili. Mkuu wake wa kazi, dada mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia mikono isipopona hadi mwisho wa mwezi atahamishiwa meza ya magunia.

"Miaka ishirini na sita nimeshona maharusi," anasema. "Leo nikashone magunia? Gunia lenyewe litanicheka."

Linalomuuma zaidi ni kwamba kanuni ya sita aliiomba mwenyewe.

Miaka minne iliyopita alikuwa akitembea kwa magongo. Jioni moja moshi ulitoka jikoni, watu wakakimbilia nje, naye akajikwaa kwenye baiskeli ya jirani yake wa chumba namba kumi na moja, anayeitwa Fundi Redio. Alianguka, akakanyagwa. Kesho yake akaandika barua na kukusanya saini tisa.

"Niliandika kwa hasira na kwa mwandiko mzuri," anasema. "Nilitaka ile baiskeli iondoke njiani. Yeye atapitaje, hilo sikuliwaza hata kidogo."

Tangu siku hiyo Fundi Redio akawa anatambaa. Mwaka jana Mama Vifungo alivunjika nyonga bafuni, na magongo yakawa hayamfai tena. Asubuhi ya kwanza aliposhuka sakafuni, alimkuta mzee huyo mbele yake.

"Karibu chini, dada," Fundi Redio akamwambia. "Huku moshi haufiki."

Ukimuuliza leo, mzee anakana kuwa na kinyongo. Baada ya barua ile hakumsalimia mwaka mzima, basi.

Mama Vifungo ameandika barua ya pili. Anaomba baiskeli zipite koridoni na zilazwe ndani ya vyumba. Vipimo ameviweka: baiskeli sentimita themanini, mlango tisini, korido mia na sitini. Msimamizi wa nyumba alikubali kuifikisha kwenye kikao cha kamati Alhamisi, kwa sharti kwamba kila mkazi atie saini. Kumi na watatu walitia. Fundi Redio alirudisha kalamu.

Alisema atasaini siku barua hiyo itakapoeleza ni nani aliyeandika ile ya kwanza.

Hilo lilimtesa Mama Vifungo siku tatu. Kamati ni mpya, haijui historia hiyo. Wakisoma kwamba anayelia ndiye aliyeiomba kanuni, si wataitupa barua kapuni?

Jana jioni aliiandika upya. Mstari wa kwanza unasema: "Kanuni hii niliiomba mimi, na nilikosea." Wale kumi na watatu wakasaini tena. Fundi Redio aliisoma mara mbili, akaweka saini yake kubwa kupita zote.

Kamati inaweza kukataa, na Mama Vifungo analijua hilo. Amefika bandani, anafuta viganja kwenye sketi kabla ya kushika vishikio. Mpango wa siku ya kwanza, wakiruhusiwa, anao tayari.

"Atatangulia kaka yangu wa chumba namba kumi na moja," anasema. "Apite koridoni juu ya baiskeli yake, na mlango nimfungulie mimi. Mimi nitapita nyuma yake."