Siku Ishirini na Moja na Mama Mkwe Pwani ya Sousse

Niliondoka kwetu Kamina, Kongo, kwa sababu ya jicho moja. Jicho hilo ni la mama mkwe wangu, Mama Numbi. La kushoto lilikufa zamani, alipougua surua akiwa mtoto. La kulia lilianza kufunikwa na utando mweupe, mpaka akawa anatambua watu kwa sauti tu. Daktari wa Lubumbashi alisema kile kioo cha mbele cha jicho kimeharibika, kinatakiwa kubadilishwa, na akatupa anwani ya kliniki moja huko Tunisia.

Shemeji yangu Banza, anayefanya kazi mgodini Kolwezi, ndiye aliyelipa safari. Alikuwa aende na mama yake mwenyewe, lakini mkubwa wake wa kazi akamnyima likizo. Mke wangu, Esperance, alikuwa na mimba ya miezi minane. Katika ukoo wote, aliyebaki na pasipoti nilikuwa mimi, kwa sababu kwaya yetu iliwahi kwenda kuimba Zambia.

Ninyi wa Kamina mmeshaelewa ugumu wa safari hiyo. Kwa wengine, nieleze. Kwetu mwanamume hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye, hamtazami usoni, na akimwona njiani anapita kando. Si chuki, ni heshima. Nilikuwa nimeoa mwaka mmoja na nusu, na uso wa Mama Numbi sikuujua. Yeye naye hakuwahi kulitaja jina langu. Aliniita mukwe, basi.

Kituoni Kamina, Jumanne asubuhi. Mashangazi wa mke wangu walikuja kutusindikiza, na swali lao lilikuwa moja: nitamwongozaje mtu asiyeona bila kumshika? Esperance akaleta mwavuli mweusi, umefungwa.

“Mama atashika huku, weye utashika kule,” akaniambia. “Weye unaangalia mbele.”

Tantine Kabange, mkubwa wa mashangazi, aliutazama ule mwavuli kutoka juu hadi chini. “Iko mufupi,” akasema. “Lakini sawa.”

Ndani ya gari moshi nilimweka Mama Numbi karibu na mama mmoja mwuza samaki wa Bukama, mimi nikakaa chumba cha pili. Kila kituo nilisimama nje ya mlango wao, mgongo ukiwa upande wa ndani. “Mama, munataka maji?” “Niko na maji, mukwe.” Mpaka Lubumbashi hatukusema mengine.

Ndege ilikuwa na taabu yake. Viti vyetu vilipangwa bega kwa bega. Nilisimama katikati ya njia huku watu wakisukumana nyuma yangu, mpaka mtawa mmoja Mkatoliki akaniuliza nina shida gani. Nilipomwambia alicheka, kisha akabadilishana nami kiti. Ndivyo tulivyokwenda, ndege ya kwanza na ya pili.

Sousse, Ijumaa, saa tisa mchana. Hoteli ilikuwa nyumba nyeupe ya ghorofa tatu yenye madirisha ya bluu, njia ya pili kutoka baharini. Ndani kulinukia sabuni na samaki wa kukaanga. Mwenyewe ni mzee mnene anaitwa Bwana Mongi. Alitupokea kwa Kifaransa, nami nikamjibu kwa Kifaransa changu cha darasa la sita.

“Chumba kimoja, vitanda viwili,” akasema. “Mama na mwanawe.”

“Si mama yangu. Ni mama wa mke wangu.”

“Basi ni mama yako.”

“Hapana, Bwana. Siwezi kulala chumba kimoja naye.”

Alinitazama, akamtazama Mama Numbi aliyesimama ameshika mpini wa mwavuli na kufunika uso kwa kitenge. “Mmegombana?”

Nikajaribu kumweleza, nikakwama. Yeye akanionyesha daftari lake. Ulikuwa mwezi wa nane, familia zimejaa kutoka Algeria na kutoka miji ya ndani, hakuna hata chumba kimoja kitupu. Mwisho akanipandisha juu ya paa, kwenye kijumba wanachowekea mashuka. Kulikuwa na godoro, na kutoka mlangoni niliona bahari yote.

Mmeniuliza sana habari za bahari hiyo. Ni ya bluu kweli, tena imetulia kama maji yaliyowekwa kwenye beseni. Watu wanalala mchangani chini ya miavuli ya nyasi kavu, wengine wamevaa nguo zote, wengine karibu hawana. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Sisi tu ndio tuliowashangaza. Jioni nilimtembeza Mama Numbi pembeni ya maji, mimi mbele, yeye nyuma, mwavuli katikati, na watoto wakatufuata wakiimba.

“Banaimba nini?” akauliza.

“Sijue, mama. Ni Kiarabu.”

“Banatucheka. Minyi naisikia.” Alitembea kidogo. “Maji ya hapa inanuka chumvi. Inanifanya nitamani samaki.”

Chakula kilimsumbua. Asubuhi ni mkate, mafuta ya zeituni, yai na pilipili iliyosagwa. Mwanamke anayefanya usafi na kupika pale, Madamu Saida, alimwona hali kitu. Alimpeleka jikoni, akamshikisha unga wa ngano ya chengachenga. Mama Numbi akaunusa, akaomba maji ya moto na mwiko. Nusu saa baadaye kulikuwa na bukari, ugali wetu, laini kidogo, lakini bukari. Tangu siku hiyo Saida akawa anamwita Hajja na kumshika mkono ngazini, nami nikapumzika.

Kliniki, Jumatatu. Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Daktari, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, aliniita ndani kunifundisha kuweka dawa ya matone. Mama Numbi alikuwa amelala pale, nami nikageukia ukuta.

“Kijana, angalia huku. Utajifunzaje?”

Nikaangalia mikono ya daktari, mikono tu. Unavuta kope la chini, chupa isiguse jicho, tone moja. Kila saa mbili, kuanzia anapoamka mpaka anapolala. “Jicho lake limepewa kitu cha mtu mwingine,” akasema. “Mwili unaweza kukikataa. Dawa hii ndiyo inayoutuliza. Ukiruka, tunapoteza jicho, na la pili hana. Umenielewa?”

Nilielewa vizuri sana. Nilirudi hotelini nikampa Saida chupa, na mpaka Ijumaa ndiye aliyeweka dawa. Mimi nilikaa kwenye ngazi na saa yangu. “Madamu Saida, saa nne.” “Madamu Saida, saa sita.” Akaanza kuniita kengele.

Ijumaa jioni Saida alinijia akiwa amebeba mfuko wa nguo. Mdogo wake anaolewa Kairouan, atarudi Jumatatu. Alikuwa ameshamwambia Bwana Mongi tangu mwezi uliopita. “Lakini wewe upo,” akasema, akanirudishia chupa.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwomba mwanamke mmoja wa Algeria wa chumba cha jirani. Aliweka tone moja kwa upole mkubwa. Saa mbili aliweka tena. Kisha familia yake ikachukua maboya na mikeka, ikaenda pwani. Ilipofika saa nne, ghorofa nzima ilikuwa kimya. Bwana Mongi alijitolea, nikamwuliza Mama Numbi kupitia mlangoni.

“Mwanaume hanijue, anifungue macho niko nalala? Hapana.”

“Basi mama, nitafanya nini?”

“Ngojea wale bamama barudi.”

Nilishuka mpaka pwani kuwatafuta. Miavuli ya nyasi ilikuwa mia, na chini ya kila mmoja kuna familia. Sikuwapata. Saa tano na nusu nilirudi. Mama Numbi alikuwa kwenye kiti barazani, uso ameugeuza. Aliposikia hatua zangu alijifunika, lakini kabla hajajifunika nililiona jicho. Lilikuwa limeanza kuwa jekundu pembeni.

Nilimpigia Esperance simu, nikamweleza.

“Mama anasema nini?”

“Anasema afadhali jicho ikufe, kuliko akuwe mama ya bila haya.”

“Na weye unasema nini?”

“Minyi sijue.”

“Weye kila siku haujue!” Akaanza kulia, simu ikakatika.

Mama Numbi alikuwa amerudi chumbani. Nilisimama nje ya mlango wake na chupa mkononi. Kwetu haya hii ina njia ya kufunguliwa. Mkwe analeta kuku jike, mama mkwe anampokea kwa mikono miwili na kumwita mkwe kwa jina lake. Baada ya hapo wanaweza kukaa pamoja. Lakini hufanyika mtoto wa kwanza akishazaliwa, mashangazi wakishuhudia. Mtoto wetu alikuwa bado tumboni, na mashangazi walikuwa Kamina.

“Mama,” nikasema, “kama naleta kuku?”

Nilisikia kiti kikilia.

“Kuku gani, mukwe? Mutoto hayazaliwa. Batantine habako.”

“Jicho haiwezi kungojea batantine.”

Sikuwahi kumjibu hivyo. Nilijiandaa kusikia mlango unafungwa.

“Ikuwe jike,” akasema mwishoni. “Na isikuwe nyeusi.”

Mwuza kuku alikuwa njia ya tatu. Ana vizimba mlangoni na mezani ana kisu. Nilichagua kuku mwekundu, na kabla sijafungua mdomo amemshika shingo, kisu juu. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga hata kwenye mpira. “Mzima! Mzima!” Watu waliokuwa kwenye foleni walikufa kwa kicheko. Mzee mmoja alinipigapiga mgongoni akasema kitu ambacho nadhani kilikuwa baraka.

Bwana Mongi alinizuia mlangoni. “Hoteli yangu ina nyota moja,” akasema. “Ukiingiza kuku, itabaki bila hata hiyo.” Nikamweleza tena, safari hii bila kukwama, kwa sababu saa sita ilikuwa inakaribia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua gazeti lake, akalitandaza mbele ya mlango wa Mama Numbi. “Asichafue zulia,” akasema, akashuka.

Nilipiga magoti kwenye gazeti. “Mama, niko hapa na kuku.”

“Iko namna gani?”

“Ni jike, mama. Nyekundu.”

Mlango ukafunguliwa. Mikono miwili ikatoka, ikampapasa kuku mbawa, miguu, kifua. “Iko mwepesi,” akasema. “Ya Baarabu haikule punje ya muhindi?” Kisha akamchukua, akamweka kifuani.

“Mwepu,” akaniita kwa jina. “Ingia.”

Alilala kitandani, kuku amefungwa mguu chini ya meza. Tone la kwanza lilianguka shavuni. “Hapo ni shavu,” akasema. Tone la pili liliingia. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi, na kwamba Esperance amechukua kidevu chake. Alibaki amelifungua jicho, akinitazama.

“Unaona, mama?”

“Naona kama moshi. Na ndani ya moshi kuna kijana mwembamba.” Akafikiri. “Esperance alisemaka weye uko munene.”

“Ilikuwa zamani, mama.”

“Alinidanganya,” akasema, na tukacheka wote wawili, yeye kwanza.

Saa nane niliweka tena. Saa kumi pia. Jumapili yote na Jumatatu mpaka Saida aliporudi, na hata aliporudi Mama Numbi alisema Mwepu ameshazoea, Saida apumzike. Kuku alikwenda nyumbani kwa Saida. Daktari alipoangalia, wekundu ulikuwa unapungua. Alisema kitu kipya kimekubaliwa mpaka sasa, lakini “mpaka sasa” alilitamka mara mbili, na tone moja kila siku litaendelea mwaka mzima.

Siku ya ishirini na moja tangu tutoke Kamina, tuliondoka Sousse. Mama Numbi aliomba kwanza kuiona bahari. Alisimama pembeni ya maji, akaitazama kwa muda, akaniuliza ng’ambo kuna nini. Nikamwambia Ulaya. “Haionekane,” akasema. “Basi jicho hayapona sawasawa.” Ndani ya ndege alikaa dirishani na mimi karibu yake, akanisimulia mawingu kana kwamba mimi ndiye nisiyeona.

Kamina, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mashangazi walikuwa kituoni, na Esperance akiwa na mtoto wa siku tisa mgongoni. Mama Numbi alishuka akizungumza nami, tumetazamana. Tantine Kabange akaweka mkono mdomoni.

“Numbi! Haya iko wapi?”

“Haya iko,” akasema Mama Numbi. “Na jicho iko. Unataka nichague?”

Baadaye mashangazi walikaa kikao, wakaamua kwamba kuku aliyetolewa bila shahidi lazima atolewe tena. Nilikubali. Sikuona ubaya, kwa sababu nao wana haki ya kuona kwa macho yao.

Nilichojifunza ni hiki. Niliondoka nikidhani heshima ni kukaa mbali na mtu. Kule Sousse niliona kwamba mtu anaweza kulala mbele yako, jicho limefunguliwa na mkono wako juu yake, na heshima isipungue hata kidogo. Labda iliongezeka, sijui. Esperance anasema nimeanza tena na “sijue” yangu.

Kila asubuhi saa nne napita kwa Mama Numbi na chupa. Majirani wanasimamisha kazi, wanatazama. Nabisha hodi, naitwa kwa jina langu, naingia.