Tarehe za Mama Émerence

Mama Émerence Mujinga nilimchukia siku saba nzima, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Yeye ndiye aliyewapa wapelelezi jina la mume wangu, Lazare.

Alikuwa karani wa ofisi ya kanisa letu hapa Kamina, mwanamke mfupi, mkaidi, aliyependa kusahihisha Kifaransa cha wachungaji mbele za watu. Mwaka 1998, vita ilipoanza tena, kompyuta pekee tuliyoijua mjini ilikuwa ile ya ofisi yake, na aliyeielewa alikuwa yeye peke yake, kwa kuwa aliwahi kusomeshwa miezi mitatu Lubumbashi. Basi iliponaswa stesheni barua iliyohesabu ndege zinazotua base, kambi ya ndege za jeshi, ikiwa imechapwa vizuri kwa mashine, inspekta wa upelelezi hakuzunguka. Alikwenda kwake moja kwa moja, akamwomba amsaidie kuitafuta ndani ya mashine.

Akaipata. Ilikuwa imefutwa kwenye disketi ya ofisi, lakini Mama Émerence alijua kwamba mashine ile ikifuta kitu hupoteza herufi ya kwanza tu ya jina. Ukiirudisha herufi, barua nzima inafufuka. Akairudisha, tena kwa maringo, akamsomea inspekta tarehe iliyokuwa kando ya jina: 11 Oktoba, Jumapili. Na siku za Jumapili ufunguo wa ofisi ulikuwa kwa Lazare, mwalimu, aliyekuwa akichapa mitihani yake pale baada ya ibada. Walimkamata darasani, chaki mkononi, wanafunzi wake wakitazama.

Niliambiwa atapelekwa kwa ndege kwenye mahakama ya kijeshi. Wakati ule, waliopandishwa ndege hivyo hatukuwaona tena. Nilikuwa silali, sili, na nikilisikia jina la yule mama nilitamani kumrarua.

Siku ya saba, Jumatatu asubuhi, akaingia kwangu bila hodi, kilemba mkononi.

“Mama Salomé, minyi njo nilikosa. Ile date haiko ya mashine. Iko yangu!”

Sikuelewa ni kosa gani analojitwika. Akaketi sakafuni, akaeleza. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo kila ikiwashwa iliuliza tarehe, na mtu aliiandika kwa mkono. Kazi yake kubwa ilikuwa karatasi ya ibada, ambayo mashine yenyewe huitia tarehe juu. Basi kila Jumatatu alikuwa akiiandikia mashine tarehe ya Jumapili inayokuja, na hivyo hivyo wiki nzima, ili karatasi isije ikatoka na tarehe mbaya. Chochote kilichochapwa wiki ile kilibeba tarehe 11, hata kama kilichapwa Jumanne. Miaka minne alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kitenge. Asubuhi ile tu, vidole vyake vikiandika Jumapili siku ya Jumatatu, ndipo alipoona amemfanya nini Lazare.

“Na Lazare?” nikauliza. “Yeye anaandikaka date gani?”

“Haandikake. Anafinyaka tu kitufe, mashine inatia 1980. Mitihani yake yote iko 1980. Nimeangalia moja moja. Kama ni yeye alichapa ile barua, nayo ingekuwa 1980.”

Siku saba za jela, na kifo kikimnyemelea mume wangu, kwa ajili ya karatasi ya nyimbo na matangazo! Nilitaka kumpiga kofi, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilimshika mkono, tukakimbia hadi kwa inspekta.

Inspekta alimfanya arudie mara mbili. Akawasha mashine ile, waliyokuwa wameihamishia kwake kama ushahidi asubuhi hiyo hiyo, Mama Émerence alipokwisha kutoka ofisini, akaitazama orodha mwenyewe. Kisha akauliza, “Basi mama, ile wiki nani alikalaka ku mashine wakati weye haukukuwa?”

Nilidhani Mama Émerence anajaribu kukumbuka. Kumbe alikuwa anajikaza.

“Alhamisi nilienda ku hôpital, juu ya malaria. Jenereta ilikuwa inawaka, mashine hatuizimake. Nilimuachaka bwana yangu aichunge.” Akamtazama inspekta. “Albert.”

Albert! Albert aliyeuza sabuni base, aliyekuja kwangu kesho yake baada ya Lazare kukamatwa, na beseni la unga, akapiga magoti sebuleni kwangu akamwombea mume wangu kwa machozi. Na mimi nilisema amina.

“Mama, unajua ile maneno unasema?” inspekta akauliza taratibu.

“Najua. Tangu asubuhi niko najua, kabla ya kuenda kwa Mama Salomé.”

Jeep ikaletwa, na askari wanne. Ilibidi apande nao awaonyeshe nyumba. Mlangoni akanikamata nguo, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia.

“Mama Salomé, twende na minyi. Bwana yangu iko ku nyumba, anangoja chakula.”

Nyuma ya jengo nilisikia mlinzi akiita jina la Lazare, na minyororo ikifunguliwa. Nikavibandua vidole vyake kwenye kitenge changu, kimoja kimoja.

“Minyi niko nangoja wangu,” nikamwambia.

Akapanda jeep peke yake.