Anayetembea Nyuma

Kila mwaka ofisi yetu inapopanda mlima, mtunza stoo hutembea nyuma ya wote. Huokota kofia zilizodondoka, hufunga kamba za viatu vya watu kwa vidole vyake vinene, na anayeishiwa nguvu hurudi naye. Kwa hiyo hajawahi kufika kileleni. Safari hii, ya mwisho kabla hajastaafu, kilele kilikuwa pale mbele yetu karani alipoketi chini akihema.

"Nenda tu, mzee. Nitajikokota."

"Kwa miguu hiyo ya ndama aliyezaliwa leo? Inuka, mwanangu, tushuke."

Akamvisha koti lake. Juu, wenzetu walikuwa wakishangilia. Aliwasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Eti upande wa pili kunaonekana nini?"

Karani, aliyefika huko mara nyingi, aliinama akajifunga kamba za viatu mwenyewe.