Tutapita, Mama

Mtembezaji wetu alikuwa na kiganja kisichotulia. Kila akimaliza sentensi aliupiga usukani, pa, kisha akatuchungulia kwenye kioo kuona kama tumefurahi. Gari tulilikodi sisi, njia tukaichagua sisi, ili mama yangu, ambaye macho yanamwishia, aione tena shule aliyofundisha miaka thelathini. Yeye mtembezaji akatupeleka duka la vinyago, kisha la pili, kisha la tatu, na kila mlangoni akapokewa kama shemeji.

“Shuleni kuna nini, Mama? Kuta tu. Wageni wangu wote hupenda madukani.”

“Mimi si mgeni,” mama akasema.

“Tutapita, Mama, tutapita.” Pa.

Na kweli tulipita! Hata mwendo hakupunguza. Alielekeza kidevu dirishani tu. “Hiyo hapo. Umeiona?” Mama alikuwa bado anapapasa mkobani akitafuta miwani. Damu ilinichemka, lakini kabla sijafungua mdomo, mama alitoa ile sauti yake ya darasani: “Simamisha gari!” Mguu wa yule bwana ukakanyaga breki wenyewe. Mama akashuka, akaukataa mkono wangu, akarudi kwa miguu mpaka getini, akaingia shuleni. Alikaa humo saa nzima, na yule bwana hakuthubutu kupiga honi.